Sukari ya Likizo

Jumatatu, 6 Januari 2025

Tumerudi Ikoma jana. Likizo imeisha. Sketi ya sare haifungi! Nimevuta tumbo, nimezuia pumzi — wapi. Nimeiacha wazi nikavaa sweta juu yake, na jua lote hili. Sharon, tunayetandika naye vitanda lojini, amecheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mgeni. Eti nilienda kumwozesha mdogo wangu au kunenepeshwa mimi?

Sasa ningefanyaje? Nyamhanga anaoa, ng'ombe wanachinjwa. Kwetu Kerende ukikataa chakula wanauliza una ugomvi gani na mwenye nyumba. Nyama, pilau, keki. Soda kama maji. Na mwaka mzima nilikuwa nimejibana, tangu waniambie nina kisukari — kutembea asubuhi, ugali wa mtama kidogo, mboga nyingi, chai bila sukari. Wiki tatu zimekula yote.

Kesho naanza upya.

Jumanne, 7 Januari

Sijaanza. Tembo walikuwa kwenye mahindi ya jirani, hakuna aliyetoka mpaka jua lilipopanda. Nimefurahi — aibu!

Jioni nimekula mchicha na kipande cha ugali. Kisyeri amekula wake na uliobaki wangu. Mume wangu ana bahati, anakula kama mashine ya kusaga na mwili ni ule ule wa fito. Tena amepungua. Anasema ni kazi ya ujenzi. Amemaliza jagi zima la maji, ameomba lingine.

Jumatano, 8 Januari

Sukari kumi na tano! Kabla ya likizo ilikuwa saba. Nilimwambia nesi Philomena apime tena. Akatoboa kidole kingine. Kumi na tano.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amesema nimeze dawa kwa wakati, nitembee, na nimlete mzee wangu apimwe naye, maana tunapakua chungu kimoja.

Kisyeri amecheka. Kisukari ni cha wanene, amesema. Yeye juzi ametoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Ijumaa, 10 Januari

Tumetembea! Mimi na Sharon, hadi karibu na geti la hifadhi na kurudi. Miguu inawaka moto, lakini nimejisikia mtu tena.

Chumbani kuna harufu. Nimefagia chini ya kitanda, nimesogeza magunia. Nilidhani panya amefia humo. Hakuna panya.

Jumapili, 12 Januari

Naandika haraka, sijui kama nitaweza kuusoma mwandiko huu.

Baada ya kanisa Kisyeri alijilaza kwenye mkeka na soksi zake. Soksi, na joto hili! Nikaivuta moja kwa utani. Ikagoma. Ilikuwa imenata.

Kidole gumba ni cheusi. Cheusi! Kimevimba, kinatoa maji. Ndiyo ile harufu. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio. Kisyeri ndiyo anaamka, ananiuliza kuna nini. Nimevuta soksi na ngozi imetoka nayo, na yeye amelala!

Nikambonyeza. Unasikia hapa? Hapana. Na hapa? Hapana.

Ni vile viatu vipya vya harusi. Vilimchubua wakati wa kucheza. Hakikuuma, anasema, ndiyo maana hakusema. Kilipoanza kubadilika rangi akaogopa, akawa anakificha kwenye gambuti. Mchana gambuti, usiku soksi. Na mimi nimelala pembeni yake!

Tumemfuata nesi nyumbani kwake. Mashine haikutoa namba. Imeandika herufi mbili tu. Nikasema imeharibika, anipime mimi. Kumi na moja. Mashine ni nzima. Sukari ya Kisyeri imepita pale inapoweza kusoma.

Mwenyewe amekitazama kile kimashine. Akanitazama mimi.

"Mimi? Lakini mimi si mnene."

Jumatatu, 13 Januari

Mugumu, hospitali. Dripu. Insulini. Daktari ni mpole lakini hakuzunguka: kidole kikatwe kesho. Tukichelewa itakuwa mguu.

Kisyeri amegeukia ukuta. Baadaye akasema, fundi asiyeweza kusimama juu ya jukwaa atawalisha watu nini? Nimemwambia kidole kimoja hakimwangushi mtu. Sijui kama ni kweli.

Nimempigia mama mkwe kijijini Nyansurura, lazima ajue.  Amesema: "Wasimguse mpaka nifike."

Jumanne, 14 Januari

Naandika hapa hapa wodini, la sivyo nitapiga kelele.

Mama mkwe amefika asubuhi na gari la kukodi. Nimemwamkia shikamoo, marahaba yake ilikuwa fupi. Amefungua bandeji mwenyewe, ametazama, amefunga. Halafu akaanza kukusanya vitu — shuka, kikombe, chupa ya chai. Amesema wanaenda nyumbani. Kuna mtu ana majani ya vidonda.

Nimesema, mama, daktari anasubiri.

Akasema daktari ndiye aliyemuua mume wake. Walimkata kidole, wakaja wakamkata mguu, akazikwa.

Mume wake! Baba mkwe! Tangu niolewe naambiwa baba mkwe aliumwa na nyoka!

"Mama, si mlisema nyoka?"

"Tulisema nyoka," amesema. "Daktari alisema ni sukari. Nyumba yangu ilikuwa haina sukari hata ya chai. Ningewaambia watu nini?"

Kisyeri ametoa macho. Hata yeye alikuwa hajui! Mtoto wake wa kumzaa!

Nikauliza, kwa adabu kadiri nilivyoweza, baba alikaa na kidonda muda gani kabla ya kupelekwa hospitali. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Msimu mzima," amesema. "Tulikuwa tunamtibu kwa majani."

Amesikia alichosema. Nimeona usoni kwamba amesikia. Lakini akamgeukia mwanawe: "Mura, mwanangu, inuka."

Na ameinuka! Amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ndani ya kandambili. Nesi amekimbia kumwita daktari. Nje dereva anapiga honi. Mama mkwe amesimama mlangoni na chupa ya chai kifuani, hatoki, haingii.

Kandambili ya pili nimeikalia. Iko chini ya kanga yangu, kisigino chake kimechomoza, mtu yeyote anakiona.

Kisyeri ameinama anapapasa chini ya kitanda. Amenitazama pajani mara moja, waziwazi. Kisha ameinama tena — upande wa pili, kule ambako hakuna kitu — na anaendelea kutafuta.