Krimu ya Kuzuia Uzee na Shavu la Kushoto la Mama Mkwe

Kanyenye, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lile limepoa? Na kikohozi cha baba, bado anasingizia vumbi la korosho? Mimi ni mzima, tena nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Tangu harusi ni miezi mitano, na Kulwa bado akirudi kutoka kuuza asali hupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe kama mgeni, eti asikie nikisema karibu. Jana kaniletea sega zima, nikala nikilamba vidole mbele yake bila aibu. Mama, umenizaa na bahati.

Ila leo nimekasirika. Sikutaka kukuambia kwenye simu kwa sababu wewe huiweka spika, na nusu ya kijiji husikia. Hii isome peke yako kwanza.

Ulinituma nikuulizie ile krimu ya kuzuia uzee ambayo yule mama wa Masasi mjini anawatembezea. Ulisema mpaka uitumie ndipo uje Tabora, kwa kuwa kwenye picha za harusi ulijiona umekaa pembeni ya mama mkwe wangu kama mama yake mzazi. Nilicheka uliposema hivyo. Simu ilipokatika, nikalia. Nisamehe kwa kile kicheko.

Basi nikaenda kwenye duka la vipodozi hapa Kanyenye. Krimu ni ileile, kikopo cha kufichika kiganjani. Bei yake ni mashuka ya kitanda chetu, yale ya maua ninayoyatamani tangu tuhamie.

"Ina kolajeni," mwenye duka akaniambia. "Wiki sita, makunyanzi kwisha. Na wewe chukua ya kwako."

"Mimi nina miaka ishirini na mitatu."

"Uzee haukungoji, mdogo wangu."

Nikachukua kimoja, chako. Lakini sikutaka kukutumia kitu nisichokijua, kwa hiyo tulipokwenda Sikonge, kwao Kulwa, nikamwomba mama mkwe anisaidie kukijaribu, maana ni rika lako. Yeye ni mcheshi. Akasema atapaka shavu la kushoto tu, la kulia libaki na mafuta yake ya mgando, tuone lipi litarudia usichana.

Akapaka wiki sita, asubuhi na jioni, bila kuruka. Jumapili moja baada ya ibada akawasimamisha wanawake wenzake wa kikundi cha kufuga nyuki, akawauliza shavu lipi ni jipya. Wawili wakasema la kulia. Wa tatu akamzunguka, akamtazama huku na huku, akasema, "Mama Kulwa, haya yamezeeka pamoja kama mume na mke." Walicheka mpaka mchungaji akageuka.

Ingeishia hapo ningelilia mashuka yangu tu. Lakini huku mtu anayekwenda kwenye mizinga hajipaki kitu chenye manukato, hata sabuni huchagua. Siku ya kurina asali Kulwa hanikumbatii kama nimejipaka marashi, nami huvumilia kwa shida. Mama mkwe anaijua sheria hiyo kuliko wote. Ila mwenye duka aliniambia krimu hii ni tiba ya ngozi, nami nikamwambia mama mkwe hivyohivyo, tukaihesabu kuwa dawa. Kumbe kwa nyuki ile harufu yake ya waridi ni manukato tu. Jumatatu yake, siku ya kwanza ya kurina tangu aanze kuipaka, akapita katikati ya mizinga kama apitavyo miaka yote, bila wavu usoni, na nyuki wakamvamia shavu la kushoto. La kulia lilipata mmoja tu.

Tulipoitwa Sikonge tulimkuta uani, jicho limefumbwa na uvimbe. Nilipiga magoti kuomba radhi. Nilijiona bi harusi wa juzi niliyekuja kumuua mama wa watu. Yeye akalipapasa shavu, akasema, "Mwanangu, dawa imekubali. Sasa halina kunyanzi hata moja."

Nilirudi dukani kwa hasira.

"Mlitumia bila seramu yake," mwenye duka akasema. "Krimu peke yake haifiki ndani."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuuliza."

"Na seramu ikishindwa?"

"Kuna ya usiku."

Nyuma ya kaunta nikaona kopo la mafuta ya mgando, limechotwa kwa kidole. Nikauliza la nani. Akajibu bila kupepesa kwamba ni la kwake, ngozi yake haipendi mambo mengi.

Mama, hebu fikiria. Ngozi yake haipendi mambo mengi, lakini ya kwako iyapende. Watu hawa wamekaa wakaamua kwamba uso ulioniinamia nikiumwa surua ni ugonjwa, kisha wakakuuzia dawa yake. Kulainisha inalainisha, sikatai, na mafuta ya mgando yanalainisha vilevile. Kunyoosha hainyooshi. Ukitaka kuitunza ngozi, jifunike kanga ukienda kuokota korosho, maana jua ndilo linalotukunja. Yule mama wa Masasi akija tena, mwulize yeye anapaka nini nyumbani kwake. Usimpe hata shilingi.

Wala usiahirishe safari. Kulwa anasema wapagazi wa zamani walitoka pwani mpaka hapa kwa miguu, mizigo kichwani, na hakuna aliyesubiri uso unyooke kwanza. Wewe una basi na treni. Nauli ameshamtumia baba.

Nisalimie baba mdogo, fundi baiskeli, mwambie mume wangu anamsifia kwa ile ngoma aliyocheza harusini. Nisalimie shangazi wa kwaya, na dada na mapacha wake wanaoota meno.

Mama mkwe hajambo sasa, uvimbe umeisha na makunyanzi yamerudi yote mahali pake. Aliniuliza kwa nini mama yangu anaitaka krimu, nikamweleza kweli, nisamehe na hilo. Akaniagiza niandike hivi, nisipunguze neno: "Mwambie nimemwona siku moja tu, siku ya harusi. Akibadilisha uso, stesheni nitampokea nani?"

Mwanao akungojaye,
Rehema