Wafo za Viazi kwa Mzee Nestory

Kituntu, 9 Machi 2024

Dada Dafroza,

Shikamoo. Natumaini wewe na binti yako Joanitha hamjambo huko Isingiro, na kazi ya jikoni pale nyumba ya wageni inakwenda. Sisi tupo. Nikisema wazima nitakuwa nimedanganya.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii haina dari, na baba mkwe anasikia kila neno akiwa kitandani. Barua nampa Anastazi wa pikapu, anayekuja huko kununua maharage.

Baba yako amepooza upande wa kulia tangu Januari. Nilikutumia ujumbe wakati ule, ukajibu "pole". Maneno yamemrudia, ila mkono wa kulia hauinuki. Ndizi ya kupikwa akiishika kwa kushoto inamvunjikia kwenye nguo. Uji unamwagika. Chapati haikatiki kwa mkono mmoja, na andazi linamkaba kooni. Anatakiwa kulishwa, na mimi ni mkamwana wake. Mambo ya kwetu unayajua, mkamwana hamlishi baba mkwe. Nilijaribu mara moja kumpelekea kijiko mdomoni. Alifumba macho, akabana midomo, machozi yakamtoka. Nikaweka kijiko chini, nikatoka nje.

Jirani yetu Xaveri ndiye anayemwogesha na kumlisha, lakini ana shamba lake, hapatikani kabla ya saa nane mchana. Hadi saa hizo mzee yuko na maziwa tu. Amekonda, shati linamning'inia.

Tangu mume wangu, mdogo wako Jasson, atutoke, mwaka wa tatu huu, niko hapa na mzee. Sikulalamika, naye hakuwahi kunitamkia neno baya. Ila nimechoka, dada. Na mama yangu kule Kihanga naye anazeeka bila mimi. Wewe ni mtoto wa kumzaa, unaweza kumlisha bila aibu. Njoo, hata mwezi mmoja.

Ni mimi wifi yako,
Pulkeria


Isingiro, 30 Machi 2024

Wifi yangu Pulkeria,

Marahaba. Sisi hatujambo, mafua tu ya mvua. Pole kwa mzigo.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, nikifikiria kitu ambacho mtu anaweza kula kwa mkono mmoja bila kulishwa. Anastazi atakupa chuma kizito chenye nyuso mbili na mpini mrefu. Kinatumika kwenye jiko la mkaa. Wageni fulani walikiacha hapa, na meneja amekubali nikichukue. Mkate unaotoka humo wanauita wafo. Wao huula na asali, lakini mimi huwapikia wa viazi na chumvi, na huo ndio unaisha kwanza.

Chemsha viazi mviringo, mwaga maji yote, virudishe sufuriani juu ya moto mdogo vikauke, ndipo uviponde. Vikiwa na maji vitanata. Kwa vikombe viwili vya viazi weka mayai mawili, unga wa ngano nusu kikombe, maziwa mgando kidogo, majani ya vitunguu na chumvi. Pasha chuma pande zote mbili, paka samli, weka rojo katikati, funga, geuza. Mvuke ukiwa bado unatoka usifungue. Ukikoma, imeiva. Nje inakuwa ngumu ya kushikika, ndani laini. Hata asiye na meno anaila.

Kuhusu kuja. Nilipomkimbia mume wangu nikiwa na Joanitha mgongoni, baba alinikuta uani. Aliniambia mke wa mtu hana chumba kwake. Kisha akaenda zizini kwa ng'ombe, akakaa huko mpaka nilipoondoka. Ni miaka tisa. Sijui ningeingilia mlango upi. Usimwambie chuma kimetoka kwangu, asije akakataa.

Wifi yako,
Dafroza


Kituntu, 21 Aprili 2024

Dada Dafroza,

Shikamoo. Habari za huko na za Joanitha? Huku mvua haikati, viazi vimestawi.

Chuma kimefika. Nitasema ukweli, maana barua haina uso wa kuuonea aibu. Nilipofungua ule mfuko nilikaa chini nikakitazama. Nilikuomba mtu, umenitumia chuma. Siku mbili kilikaa nyuma ya mlango.

Siku ya tatu nikajaribu. Ya kwanza ilichanika, nusu ikabaki huku na nusu kule. Ya pili ikaungua kwa sababu mkaa ulikuwa mwingi. Ya tatu ilitoka nzima, rangi ya dhahabu, na vijumba vyake kama sega la nyuki. Nikaiweka kwenye sahani, nikaiweka juu ya stuli upande wa mkono wake wa kushoto, nikarudi jikoni asione kwamba namtazama. Nilimtazama kupitia ufa wa mlango.

Aliigusa kwanza. Akaigeuza. Akaishika, akaipeleka mdomoni mwenyewe, na haikuvunjika. Alikula taratibu sana. Alipomaliza akaita.

"Pulkeria."

"Abee, baba."

"Hiki ni nini?"

"Ni viazi, baba."

Akasema, "Viazi. Kipo kingine?"

Alikula viwili na nusu. Nilirudi jikoni nikalia, na wala sijui kama ilikuwa furaha. Sasa naamka saa kumi na moja kila siku kuchemsha viazi, kuviponda, kupuliza mkaa na kugeuza chuma ambacho kinanivuta bega. Mzee anakula. Nakushukuru. Lakini ombi langu liko palepale, na kwenye barua yako sikuona siku ya kuja.

Wifi yako,
Pulkeria


Isingiro, 19 Mei 2024

Wifi yangu,

Marahaba. Tu wazima. Bega linaendeleaje? Jipake samli ya moto.

Nimefurahi anakula. Nimeisoma barua mpaka ile sehemu ya "kipo kingine" nikarudia. Ukipata karoti ikwangue humo, itamsaidia choo. Viazi vichemshe jioni, uviponde asubuhi, utapata muda wa kulala.

Mwezi huu wageni ni wengi. Nitaangalia.

Dafroza


Kituntu, 18 Agosti 2024

Dada Dafroza,

Shikamoo. Hujambo na mtoto? Imepita miezi mitatu, na mimi pia nilinyamaza. Sikuwa na jipya la kukuambia.

Sasa lipo. Mwezi uliopita mzee aliomba kuletewa hicho chuma akione. Akakipapasa, akauliza kimetoka wapi. Nilichoka kudanganya, nikamwambia, "Kwa Dafroza." Wafo ilikuwa mkononi mwake. Aliirudisha kwenye sahani. Siku mbili alikunywa maziwa tu, na hata Xaveri alipomletea kijiko akageuza shingo. Nikajilaumu kwamba nimemuua kwa mdomo wangu.

Siku ya tatu asubuhi nikamsikia, "Leta." Nikapeleka. Alikula yote, akajifuta mdomo, akasema, "Tangu mdogo yule mtoto anazidisha chumvi."

Chumvi niliweka mimi. Nikachukua sahani.

La pili linanihusu mwenyewe. Wiki jana nilianguka shambani nikichimba viazi. Deodatha, mke wa Xaveri, ndiye aliyeniokota. Zahanati wamenipima presha, wakaniuliza nalala saa ngapi kwa siku. Niliposema, muuguzi aliacha kuandika. Amesema nisipopumzika, tutakuwa wagonjwa wawili katika nyumba moja.

Tarehe mosi Septemba naenda Kihanga kwa mama. Nimemwambia mzee mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti mlangoni. Alisema, "Nenda, mwanangu." Miaka kumi na minne katika nyumba hii hakuwahi kuniita hivyo. Xaveri na Deodatha wamekubali kukaa naye siku tatu. Baada ya hizo tatu mimi sijui, dada. Sikuombi tena. Nakuarifu.

Pulkeria


Kituntu, 22 Septemba 2024

Mpenzi wifi yangu,

Umeamkaje? Presha imeshuka? Mama hajambo? Tazama juu ya karatasi, utaona naandikia wapi.

Nilifika tarehe nne, asubuhi. Joanitha nimemwacha kwa rafiki yangu kwa sababu ya shule. Deodatha alikuwa anajifunga kanga aondoke. Baba alikuwa amekaa pale mlangoni juani. Nilikuwa nimeyabeba maneno ya miaka tisa, nimeyapanga vizuri njia nzima. Nilipomwona alivyo mdogo ndani ya lile koti, yote yalinitoka. Nikapiga goti nikasema, "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba." Basi.

Siku nne hatukuongea zaidi ya maji na dawa. Mchana nilimlisha mchuzi wa maharage kwa kijiko, akapokea. Nilimwosha miguu. Asubuhi nilimpikia wafo, na hapo hakutaka mkono wangu, alishika mwenyewe.

Siku ya tano, akiwa katikati ya kula, aliuliza, "Mtoto wako anaitwa nani?"

"Joanitha."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na moja, baba."

Ile wafo ikapoa mkononi mwake. "Kwa hiyo alikuwa na miwili," akasema. "Siku ile alikuwa analia. Kule zizini nilimsikia."

Nikamjazia maziwa kikombeni. Akasema shule ikifungwa nimlete. Nikasema sawa. Usiniulize kama nimemsamehe, wifi, kwa sababu nikiinua kichwa kutoka kwenye mkaa jua limeshachwea, na sipati nafasi ya kujiuliza.

Nilichotaka kukuambia ni hiki. Nina karibu wiki tatu hapa na mgongo haunyooki. Jana nilimfokea baba kwa ajili ya kikombe kilichomwagika, kisha nikajificha jikoni kwa aibu. Wewe ulifanya haya tangu Januari, na kabla ya hapo ukamzika mdogo wangu, nami nikajibu "pole", nikatuma chuma. Nisamehe. Meneja amempa mtu mwingine kazi yangu. Nabaki hapa.

Chumba chako hakijaguswa. Ukitaka kurudi, rudi. Usipotaka, hakuna wa kukulaumu katika nyumba hii.

Dada yako,
Dafroza


Kihanga, 13 Oktoba 2024

Dada Dafroza,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na anamsalimu mzee.

Barua yako niliisoma siku ileile. Nimechelewa kujibu kwa sababu nalala. Nalala mchana, nalala jioni, naamka kumekucha nakuta mama ameshawasha moto mwenyewe, na umri wake ule. Ananipa uji, ananitazama nikinywa mpaka kikombe kiishe. Muuguzi wa hapa anasema presha inashuka.

Nimekusamehe. Ilinichukua siku kadhaa, sikutaka kuandika kabla haijawa kweli.

Sirudi, dada. Nimelifikiria nikiwa nimelala vya kutosha, kwa hiyo si hasira. Nguo zangu mpe Anastazi. Ile picha ya Jasson ya ukutani iache hapo, baba yake huitazama asubuhi kabla ya kula. Yeye mwambie mwanawe aliyeko Kihanga anamsalimu.

Ni mimi,
Pulkeria