Sakafu ya Trela ya Louisville

Mama Elisabeth,

Maharage yako jikoni, yapashe moto tu. Nimeenda Hilliard kuangalia tena ile trela ya kulalia uliyoipenda. Nitachelewa kurudi Buffalo, usifunge komeo.

Asubuhi ulisema ile ya Louisville niliyoitaka mimi inang'aa tu, lakini sakafu inabonyea mlangoni. Ukasema ya Hilliard ndiyo imeungwa vizuri. Nikakufokea mbele ya mtoto: "Wewe unajua nini?" Ukaenda kuoga. Nikazitazama tena picha tulizopiga. Kweli, mbao za pale mlangoni zimevimba kwa maji. Nikasimama nje ya bafu, nikashindwa hata kubisha hodi.

Nisamehe. ~~Mwambie Elisabeth kwamba nilikosea.~~ Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe, na wewe ukisikia.

Baba Elisabeth