Kilio Bila Maiti

Mjukuu wangu Mado,

Hapa Katuba tuko wazima, na kuku uliyeniachia ana vifaranga saba. Unauliza kama uiache kwaya hiyo ya huko Liège unakoishi, inayoimba tanzia za Wagiriki wa kale kwa pumzi na miguno, kwani unaogopa watu watacheka.

Nami niliogopa hivyo ujanani, mwalimu wa kwaya alipotufundisha kulia bila maneno, kama wanawake wa tanzia hizo. Siku ya mazoezi, majirani walidhani kuna kilio, wakaja mbio na mikeka na kuni.

“Nani alikufa?”

“Hakuna muntu, mama, tunaimba tu!”

“Basi muimbe muzuri, sisi tulisha kufika!”

Wakatandika, wakalia nasi, kisha wote tukacheka hadi machozi.

Usiache, mpenzi. Watakaocheka, watandikie mkeka.

Bibi yako, kambo yako,
Henriette