Mwana Uliyempata Jukwaani

Mama,

Nakuandikia Tumaini akiwa mgongoni. Meno yanamtoka, siku ya tatu hii hatulali. Wewe ungejua la kumfanyia. Mimi namtikisa tu.

Wamekuja, mama. Watu wa yule mchekeshaji wa kwenye simu. Anagombea tena ubunge. Wamenifuata hapa Tunduma, kwenye meza yangu ya nyanya, na ile video yenu: amepiga magoti mbele yako mkutanoni, unamnawisha mikono, unamlisha tonge la ugali, watu wanashangilia. Wanataka nipande jukwaani na mjukuu wako niseme ulimpenda hadi mwisho.

Na si uongo. Hapo ndipo panaponiuma. Kwetu mtu akikupigia magoti akala mkononi mwako, amekuwa mwanao. Kwake ulikuwa mchezo kama michezo yake mingine. Wewe ulirudi nyumbani una mtoto wa kiume. Kila mavuno ukamtengea maharage yake, asiguse mtu. Nikikutania, "Mama, huyo hata jina lako halijui," unanijibu, "Wivu huo, binti yangu. Subiri kaka yako aje."

Ulipozidiwa ukaniambia nimpigie. Nilipiga ile namba waliyotuachia watu wake mpaka nikachoka. Haikupokelewa. Nikakwambia yuko njiani. Ukaomba nikusuke nywele, asikukute hovyo. Nikakusuka, mama, huku najua. Ukakata roho ukitazama mlango.

Nisamehe. Sikuwa na kingine cha kukupa.

Mjomba anasema niache kiburi, mtu mkubwa ametukumbuka. Nikamuuliza, "Mjomba, msibani alikuwa wapi?" Wale vijana nao nimewakatalia, nikawaambia waifute ile video, mama yangu si tangazo. Mmoja akacheka: "Dada, hiyo iko kwenye simu za nchi nzima. Utaifuta kwa wangapi?"

Nikaendelea kupanga nyanya, machozi yananitoka mbele ya wateja.

Basi pumzika, mama yangu. Kuifuta siwezi. Ila jukwaani sipandi, na mtoto hapandi. Na siku Tumaini atakapoiona, nitakaa naye nimwonyeshe kwa kidole: huyu anayecheka ni mgombea. Huyu mwenye tonge ni bibi yako, na yeye hakuwa anaigiza.

Ni mimi, uliyenizaa.