Besi Nimeishusha kwa Ajili ya Baba

Jumamosi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye masufuria yaliyofunikwa. Sina furaha wala huzuni. Nimechoka tu, na kuna jambo nataka kuliandika kabla halijapoa.

Leo nilikwenda Manyoni kumchukua Baba. Kesho binti yangu Anna anapata kipaimara, na babu yake alikubali kuja, kwa shingo upande.

Mama alipofariki, Baba alihamia kwetu hapa Mandewa. Alikaa miezi michache. Kisha asubuhi moja akafunga begi, akaenda kwa mdogo wake Manyoni. Alisema hawezi kuishi kwenye nyumba ya minong'ono.

Hatukumwelewa. Mume wangu aliumia. Mimi niliacha kulifikiria, au nilijiambia hivyo.

Njiani hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Nikafungulia redio ya gari, kulikuwa na mpira. Baba anapenda mpira. Alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Huyu mtangazaji naye, mbona ananong'ona?"

Hakuwa ananong'ona. Alikuwa anapiga kelele kama watangazaji wote.

Nikaongeza sauti. Besi ikatetemesha milango. Baba akatikisa kichwa. "Nasikia ngurumo tu, mama. Maneno hayapo."

Tulipofika Puma nikaegesha pembeni. Maandishi ya redio yetu ni ya Kijapani, siyajui, lakini ikwalaiza, ile sehemu ya kurekebisha sauti, naitambua kwa vile vijiti vinavyopanda na kushuka kwenye kioo. Vya besi mume wangu alivipandisha mpaka mwisho, ndivyo anavyopenda. Nikavishusha kimoja kimoja. Vya upande wa pili, vya sauti nyembamba, nikavipandisha. Masikioni mwangu ikawa kama bati linalokwaruzwa. Nikaendelea kupandisha.

Baba akainuka kwenye kiti.

"Kona," akasema. "Wamepata kona!"

Kweli ilikuwa kona. Akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja. Nikawasha gari, tukaendelea. Alisikiliza mpaka mapumziko, kisha kicheko kikamwisha. Tulikuwa tumekaribia Ikungi aliponigeukia.

"Kwa hiyo hakuwa ananong'ona."

"Hapana, Baba."

Mashamba ya alizeti yalipita, yamekwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu.

"Na nyie?"

Sikumgeukia. Nilishika usukani, nikaangalia barabara, kwa sababu sikujua uso wangu ungefanya nini.

"Tulikuwa tunaongea tu, Baba. Mboga, ada ya Anna, umeme kukatika. Hakuna siku tuliyokusema."

"Nilidhani mnapanga namna ya kuniondoa," akasema. "Nikaona niondoke mwenyewe, kabla sijafukuzwa."

Sikulia. Nashangaa mpaka sasa kwamba sikulia. Nilibadilisha gia, nikapita lori.

Mbona hata mmoja wetu hakumuuliza ni minong'ono ipi? Tuliona amekasirika, tukamwachia hasira yake. Ilikuwa rahisi zaidi.

Nyumbani Anna alimpokea begi. "Shikamoo babu," akasema kwa ile sauti yake ndogo. Zamani Baba angepita tu, nasi tungesema mzee amenuna. Leo alisimama, akamwinamia.

"Sema tena, mjukuu wangu. Babu masikio yamezeeka."

Anna akasema tena, kwa nguvu. Baba akaitikia marahaba ndefu. Mume wangu alinitazama, nikamwambia nitamweleza. Nimekwisha kumweleza. Ametoka nje, amesimama uani peke yake muda mrefu.

Wakati wa chakula nilimwambia Baba kwamba Jumatatu nataka twende hospitali wampime masikio. Hakukubali, hakukataa. Alimaliza ugali wake, akanawa mikono taratibu.

Kisha akauliza hiyo Jumatatu tutaondoka saa ngapi.