Nani Ataitikia Jina la Shika-Punda?

Jumapili, 4 Mei 2014

Daktari amenikataza ngazi, chumvi na hasira. Chumvi nimeacha.

Leo nimekwenda manispaa kuchukua cheti cha uhai. Kila mwaka lazima nijipeleke nikathibitishe kwamba sijafa. Siku hizi Wassila ndiye anayekaa dirisha namba mbili — dirisha langu mwenyewe! Miaka thelathini na minne niliandika watu humo, wanaozaliwa na wanaokufa. Akanitazama usoni, akagonga muhuri.

"Hongera, ami Mokhtar. Uko hai mpaka Mei ijayo."

Moyo wangu haukuulizwa.

Nilipogeuka nikaona ubao wa matangazo. Picha ya chupa ya maji ya askari, ya bati, imebonyea ubavuni. Chini yake barua kutoka Italia. Mwalimu mmoja wa kike, Bi Ornella, ameikuta chini ya sakafu ya zizi la babu yake. Babu alisema zamani kwamba ni ya askari aliyezikwa nyuma ya kanisa lao mwaka 1944, kwenye kaburi lililoandikwa "hajulikani". Namba ya jeshi la Wafaransa iliyo kwenye chupa imeonyesha mji wetu. Ndugu wa damu aje atie sahihi, jina lichongwe. Manispaa imetoa wiki mbili: mwisho Jumapili tarehe 18.

Kwenye bati, kwa ncha ya kisu: T. SHEDDLEHMAR. Na chini yake neno moja la Kiarabu lisilo na nukta.

Nikaushika ubao nisianguke. Wassila akatoka mbio.

"Ami, usinifie hapa! Muhuri nimeshagonga!"

Ni kaka yangu. Tahar. Sijaandika jina hilo tangu mwaka 1972.

Jumatatu, 5 Mei

Niandike kila kitu, hata ninachokijua. Nikiruka kimoja leo, kesho nitaruka viwili.

Babu wa baba yangu alikuwa na mtoto, punda na mashamba mawili ya shayiri. Jina la ukoo hakuwa nalo. Alijulikana kama fulani bin fulani, ikatosha. Wafaransa hawakutosheka. Afisa akaweka meza sokoni, akawa anawagawia watu majina ya ukoo kama anagawa viatu, uchukue vikubane au vikupwaye. Zamu ya babu ikafika. Afisa akauliza: Jina? Wakati huohuo punda akakata kamba. Babu akageuka, akamfokea mwanawe: "Shedd lehmar!" Shika punda!

Afisa akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, niliwahi kuuona.

Basi tukawa akina Shika-Punda. Miaka tisini! Ukiitwa kortini, ni amri. Ukiitwa harusini, ni kichekesho. Shuleni mwalimu akifika kwetu darasa zima linageuka kuangalia mlango, punda yuko wapi. Mimi nilikuwa na miaka minane, nilijificha chini ya dawati. Tahar, kumi na miwili. Hakungoja mwalimu amalize. Alisimama wima, akaitikia kwa sauti:

"Nimemshika!"

Kila asubuhi. Mwalimu alimchapa wiki mbili, kisha akachoka, kisha naye akawa anacheka. Baada ya hapo hakuna aliyetucheka sisi. Walicheka na Tahar.

Ndilo neno lililo kwenye chupa. Nimemshika. Tahar hakuweka nukta maishani mwake. Alisema msomaji naye afanye kazi kidogo.

Jumatano, 7 Mei

Mji umepagawa. Mtu amesema familia itaalikwa Italia. Mwingine akaongeza viza. Wa tatu akaongeza uraia. Kufika adhuhuri nusu ya mji ilikuwa imetokana na Shika-Punda.

Kaddour wa mkahawa amekuja na sahani ya makrudi, za tende na asali. Sijala sukari miaka sita, anajua. Huyu ni Kaddour Bensultan, mwana wa Sultani! Babake alikuwa haamkii mtu mpaka aamkiwe.

"Ami Mokhtar, nimekuja kwako kwa jambo la ukoo."

"Ukoo gani?"

"Sisi asili yetu ni Shika-Punda."

Nikakohoa mpaka akanishika mgongo.

"Bensultan tuliliokota tu, ami. Si unajua watu wa zamani na majivuno yao. Wewe ndiye rejista inayotembea. Uje tu Jumapili ile useme ulimsikia marehemu baba akiitwa hivyo."

"Babako aliitwa mambo mengi, Kaddour."

"Na hilo lilikuwa mojawapo?"

"Punda lilikuwemo. Shika, sikumbuki."

Akacheka, lakini hakuondoka. Ametundika picha ya punda mkahawani. Juu ya picha ya babake.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya sala watu wamebishana juu ya neno lile, maana bila nukta herufi moja husomeka kama nyingine. Picha ya chupa imepita mikono mpaka imelowa. Imamu amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akatamka: "Sayyidati." Bibi yangu. Kelele! Kumbe marehemu alikuwa na mwanamke kule! Kumbe Bi Ornella ni mjukuu wake! Kaddour amekwisha kumwita binti ami. Mstaafu wa reli anasema hapana, ni "sitta", sita, namba ya kikosi. Kinyozi anasema ni jina la duka la bati.

Nami nimekaa kwenye zulia, mita mbili kutoka kwao. Nalijua. Nikaulizwa: "Wewe msomi unaonaje?"

Nikasema macho yangu hayaoni tena vizuri.

Msikitini! Siku ya Ijumaa!

Jumatatu, 12 Mei

Sasa lenyewe.

Mwaka 1972 serikali iliruhusu watu kubadili majina ya aibu. Kazi hiyo ilikuja dirishani kwangu. Walipanga foleni mpaka barabarani — akina Kamasi, akina Kichwa-Kikubwa, akina Mla-Majivu. Wakaingia hivyo, wakatoka akina Nuru na akina Fadhili. Niliwaandika wote kwa mkono wangu, na siku ya mwisho, dirisha likiwa limefungwa, nikajiandika mimi. Benhakim. Mwana wa mwenye hekima. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na mtoto anaanza shule.

Mama yangu, Yamina, akakataa. Nilimpelekea fomu hadi jikoni. Alikuwa anakanda mkate. Hakunawa, hakunitazama.

"Tahar akirudi ataulizia nyumba ya nani?"

"Mama, miaka ishirini na minane."

"Nimekuuliza. Ataulizia nyumba ya nani?"

Alibaki Shika-Punda peke yake katika rejista nzima. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu angeulizia jamaa wa Tahar angefika kwa mama, na kwa mama angefika kwangu. Nikafungua ukurasa wa Tahar. Pembeni nikaandika: "Alifariki vitani. Hakuacha jamaa." Wino wa serikali. Mama yake alikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka ofisini, ananipikia supu ya jioni.

Alipokufa, mwaka 1979, nikamchongea jiwe: Yamina Benhakim. Jina alilolikataa mikono ikiwa na unga. Nilichagua marumaru nzuri ili nisijisikie vibaya. Nilijisikia vibaya. Marumaru haina kosa.

Nimepumzika mara tatu kuandika haya.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda manispaa kumuuliza Wassila kama ukurasa bado upo. Upo. Akanionyesha mwandiko wangu mwenyewe.

"Tazama, ami. 'Hakuacha jamaa.' Karani wa zamani alikosea. Nina jamaa arobaini na mmoja kwenye orodha."

"Labda karani alikuwa na sababu."

"Au alikuwa mvivu tu. Samahani — si wewe?"

"Mimi."

Akaona haya, akanipa kiti. Akaninong'oneza kwamba Jumapili hatauliza karatasi. Karatasi kila mtu anayo, nyingine wino haujakauka. Bi Ornella ameandika tena: babu yake aliambiwa maana ya neno la kwenye chupa, ameituma kwa bahasha; atakayeitaja, huyo ndiye. "Basi," anasema Wassila, "nitaita jina, wasimame, niwaulize neno. Ukilijua usimwambie Kaddour!"

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia mwanangu Nadir. Alikuja kunipima presha. Yeye ni daktari wa meno, lakini mashine anayo.

Nikamweleza kuanzia kwa punda. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikafika kwa bibi yake na unga mikononi, akaacha kucheka. Akatazama mashine, ingawa ilikuwa imeshazimika.

"Baba, kibao changu kimeandikwa Dk. Benhakim. Nani atafungua mdomo mbele ya Dk. Shika-Punda?"

"Kaburi la ami yako limeandikwa hajulikani."

"Basi Kaddour aende. Yeye analitaka jina, wewe hulitaki. Kaburi litapata jina, Kaddour atapata Italia, wewe utapata usingizi. Nani ataumia?"

Hesabu yake ni safi, haina salio. Mimi nilimsomesha hesabu.

Akiwa mlangoni akageuka. "Presha yako mia moja themanini, baba. Hilo nalo mwachie Kaddour."

Alhamisi, 15 Mei

Nimempelekea Kaddour ujumbe: nitakuja Jumapili, nitashuhudia. Nimpe na neno, yaishe. Nadir amefurahi. Ameleta samaki.

Sikula.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimemkumbuka Belkheir, aliyekuwa kikosi kimoja na Tahar. Amekufa zamani. Alirudi kutoka Italia na sikio moja, akaja nyumbani mwaka 1946, mama akamwekea kahawa. Mama alipotoka ndipo akanisimulia.

Mlimani, usiku wa mizinga. Nyumbu wa jeshi, chotara wa punda na farasi, walikuwa wanapandisha risasi. Kulipopambazuka sajini akaita majina. Akafika kwa Tahar. Shedd lehmar! Kimya. Akaita mara ya pili. Kikosi kizima kilikuwa kinangoja — maana Tahar aliitikia vilevile hata jeshini, Nimemshika!, na wote walikuwa wanaanza siku kwa kicheko hicho. Mara ya tatu sajini alipiga kelele. Askari mmoja mgeni, aliyeletwa jana yake, hajui hili wala lile, akatoka mbio kwenye mstari akaenda kumkamata nyumbu.

"Tukacheka," Belkheir alisema. "Wallahi tulicheka, Mokhtar. Tumekaa chini kwenye matope tunacheka, na machozi yanashuka. Lakini hakuna aliyethubutu kumwitikia. Sajini akaweka alama kwenye daftari."

Mama akarudi na sukari. Akauliza: mnacheka nini? Tukasema hakuna kitu.

Sikuwahi kumwambia. Hilo nalo liandikwe.

Jumapili, 18 Mei

Naandikia ukumbini, manispaa. Daftari liko juu ya goti. Nadir amenileta kwa gari, amekaa kulia kwangu na tai yake. Kaddour kushoto, amejipaka manukato ya kutosha ukoo mzima. Nimesema neno nitampa tukifika. Kila dakika ananiinamia: "Sasa, ami?" Namwambia bado.

Watu wamejaa. Akina Nuru wapo. Akina Fadhili wapo. Watoto wa watu niliowavua majina kwa mkono wangu, leo wamekuja na vyeti vya kuazima kudai la kwangu. Mstaafu wa reli ameleta hatamu ya punda, ya ngozi, anasema ni urithi. Bei ya duka bado imening'inia.

Wassila ametoka na picha ya chupa. Amepanda kiti. Ameeleza: mwenye jina asimame, aseme neno.

Ameita: "Shedd lehmar!"

Wamesimama wote. Viti vimepiga kelele kama mvua ya mawe. Wakaanza pamoja — sayyidati, sitta, Shadia, mmoja kasema Sisilia! Wassila anatikisa kichwa kwa kila neno. Kaddour amenishika mkono. "Ami, neno! Neno, kwa rehema ya mama yako!"

Kwa rehema ya mama yangu, amesema.

Mkono naona umejitoa wenyewe.

Wassila ameita mara ya pili, kwa sauti zaidi. Wamenyamaza sasa. Na hapo mlinzi wa mlangoni — ni mgeni, ameanza kazi wiki hii, mtu wa kusini — ametupa sigara yake na kukimbilia uani. Tumemsikia akiuliza nje: "Yuko wapi? Nani kamfungulia?" Ukumbi mzima umepasuka kwa kicheko. Wassila karibu aanguke kitini. Nadir pia anacheka, analia, anafuta macho kwa tai. Kisha ameniona ninavyoandika. Ameacha. Ananitazama. Amenyoosha mkono, ameokota fimbo yangu sakafuni na kuniwekea mapajani.

Wamebaki wamesimama wote. Sisi wawili tu ndio tumekaa.

Wassila anajifuta machozi. Anapanda tena kiti. Anavuta pumzi, anaita mara ya tatu. Fimbo nimeishika. Tahar hakuwahi kungoja mwalimu amalize —